Karagosi wa kwenye telefone za Kilibula

Sanduku limewekwa kwenye kona ya zawadi, katika mkahawa wa piza uliokwisha kufungwa kwa usiku. Ndani yake amejikunja kiumbe mrefu, mwembamba, mweusi, mwenye uso mweupe, mashavu mekundu na michirizi ya zambarau inayoshuka kutoka machoni hadi mdomoni. Mchezaji hayupo karibu naye. Yeye ni mlinzi wa usiku, yuko peke yake ofisini, na anaona kile tu kinacholetwa na kamera. Ana kazi nyingi, lakini moja haina mapumziko: kufungua kamera namba 11 na kulitia sanduku ufunguo ili muziki wake uendelee kulia. Muziki ukilia, aliyemo anatulia. Muziki ukinyamaza, anatoka. Akishatoka, kinyago anachovaa mlinzi ili kuwadanganya wanasesere wengine hakifai kitu, tochi haifai kitu, na ofisi haina hata mlango wa kufunga.

Huyo ndiye Karagosi wa Five Nights at Freddy's. Watoto wa upande wetu wanamwita Marionette, kwa Kifaransa cha masomo. Alionekana mara ya kwanza Novemba 2014, katika mchezo wa pili wa mfululizo huo wa kutisha. Tangu hapo ameingia katika vitabu na katika michezo iliyofuata, na Desemba 2025 akawa ndiye wa kuogopwa kuliko wote katika filamu ya pili. Kutoka Texas alikozaliwa hadi kartie Kilibula, hapa Uvira, mashariki mwa Kongo, hakuhitaji duka wala kompyuta. Ilitosha telefone ya yaya mmoja, yaani kaka au dada mkubwa, mwenye mega kidogo.

Kama kartie nyingine za mji huu, Kilibula imebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, na nyumba zake zina watoto wengi kuliko vyumba. Usiku mtoto halali peke yake. Wanalala watatu, wanne, na telefone inapita mkono kwa mkono chini ya chandarua. Wengi wao hawajawahi kuucheza mchezo wenyewe. Wanaangalia video za watu wengine wakiucheza, hasa Wamarekani kama Markiplier, aliyejulikana dunia nzima kwa kupiga kelele mbele ya michezo hii tangu Agosti 2014. Video inapakuliwa mara moja mahali penye mtandao mzuri, kisha inahamishwa kutoka telefone hadi telefone bila kula mega ya mtu. Maneno ni ya Kiingereza, na watoto hawayaelewi. Wanaelewa giza, wanaelewa muziki unaopungua, wanaelewa ule uso.

Na mzazi anayemnyang'anya mtoto telefone naye anaona uso tu. Anaona kitu cheusi chenye mdomo unaocheka na machozi, anasikia ukelele, anasema hili ni shetani. Hadithi iliyo nyuma ya uso huo haimfikii. Mimi nimeifuata hadithi hiyo hadi mwisho, na nasema bila kusita kwamba wazazi wa Uvira wanapaswa kuijua, kwa sababu ni hadithi ya mtoto aliyeomba msaada kwa wakubwa na wakubwa wakaendelea na mambo yao.

Tuanze na aliyeitunga. Scott Cawthon ni Mmarekani wa Texas na ni Mkristo, na miaka yake ya mwanzo aliitumia kutengeneza kazi za kidini. Mwaka 2011 alitoa mchezo uliotokana na kitabu cha John Bunyan cha safari ya Mkristo. Haukumletea chakula. Akatengeneza mwingine wa watoto, kuhusu familia ya wanyama wanaokata mbao, na watazamaji wakamkosoa vikali: wakasema wahusika wake wanatembea na kutazama kama mashine za mkahawani, wanatisha bila kukusudia. Cawthon aliumia. Kisha akaamua kwamba kama mkono wake unatengeneza vitu vya kutisha, basi avitengeneze kwa makusudi. Tarehe 8 Agosti 2014 mchezo wa kwanza wa Five Nights at Freddy's ukaanza kuuzwa kwenye intaneti, kazi ya mtu mmoja nyumbani kwake. Miaka tisa baadaye, Oktoba 2023, filamu ya kwanza iliyotokana nao iligharimu takribani dola milioni 20 na kuingiza karibu dola milioni 300.

Hizo mashine za mkahawani ni kitu halisi. Mwaka 1977, huko San Jose, California, Nolan Bushnell, yule yule aliyeanzisha kampuni ya michezo ya Atari, alifungua mkahawa wa piza uliojulikana kwa jina la panya wake, Chuck E. Cheese. Jukwaani palikuwa na wanyama wa chuma waliovikwa manyoya, wakifumbua macho, wakifungua midomo na kuimba kwa mota na hewa iliyosukumwa. Watoto walipelekwa pale kusherehekea siku yao ya kuzaliwa. Kilibula anivesere ni biskuti, Fanta, sauti ya spika na watoto wa avenyu nzima wakicheza uani. Dubu wa chuma anayeimba hayupo. Lakini mtoto anaelewa upesi sana kwamba kitu kilichotengenezwa kufurahisha watoto mchana kinaweza kubaki peke yake usiku, na kwamba hakuna aliyewahi kujiuliza kinafanya nini wakati huo.

Kanuni za mchezo nazo hazihitaji kuelezwa hapa. Katika ule wa kwanza, mlinzi ana umeme unaohesabiwa kwa asilimia. Kila taa anayowasha na kila mlango anaofunga vinaula umeme huo, na ukifika sifuri milango inafunguka yenyewe na giza linaingia. Mtoto wa Ulaya anajifunza kanuni hiyo kwenye mchezo. Mtoto wa Uvira ameijua tangu azaliwe. Mabwawa ya Ruzizi yako juu kidogo tu ya bonde letu, lile la pili limekuwa likifanya kazi tangu 1989, lakini umeme wa SNEL unapokatika hauombi ruhusa, na mtu mwenye asilimia chache kwenye telefone anaitumia kwa hesabu: aangaze njia ya choo au ampigie mama aliyechelewa sokoni. Nadhani hofu ya mchezo huu inaingia ndani zaidi kwetu kuliko kule ulikotengenezwa.

Sasa ule uso. Mwaka 1970 mhandisi wa roboti wa Japani, Masahiro Mori, aliandika jambo ambalo watengenezaji wa michezo wanalirudia hadi leo. Kadiri kitu kinavyofanana na mtu ndivyo tunavyokipenda, hadi kinapofika karibu sana na kufanana kabisa. Hapo mapenzi yanaanguka ghafla na tunachukia, hata tunasisimkwa. Karagosi anakaa hapo hapo kwenye anguko. Ana vidole vitatu vitatu, mikono yenye mistari myeupe, mwili usio na mifupa, na uso unaocheka huku unalia. Hakuna kiungo chake kimoja cha kutisha peke yake. Kinachotisha ni kwamba huwezi kuamua unatazama nini.

Wazee wa ziwa hili walilijua jambo hilo kabla ya Mori. Wabembe wa Fizi, ambao wengi wao tunaishi nao hapa Uvira, walikuwa na alunga: kinyago kizito cha mti kinachofunika kichwa chote, chenye nyuso mbili, moja mbele na moja nyuma, na macho makubwa mno kwa kichwa cha binadamu, huku mwili wa mvaaji ukipotea ndani ya nyuzi. Kilikuwa cha chama cha wanaume, na hakikutolewa ovyo. Mtafiti Daniel Biebuyck, aliyeishi miongoni mwa Wabembe na Walega wakati wa ukoloni wa Kibelgiji, aliandika juu yake kwa heshima kubwa. Leo ukitaka kuona alunga ya zamani ni rahisi zaidi kuipata katika jumba la makumbusho Ulaya au Marekani kuliko Fizi, na hilo linaniuma. Mtoto wa Kilibula anamjua Marionette kwa kila mchirizi wa uso wake, na kinyago cha kutisha kilichochongwa umbali wa mwendo wa gari kutoka kwao hajawahi kukiona hata kwenye picha.

Pwani ya Kenya kuna mfano ulio karibu zaidi na hadithi ya Karagosi. Wagiriama na ndugu zao Wamijikenda huwasimamishia wazee wa chama cha Gohu vigango, nguzo za mti zilizochongwa kwa umbo la mtu, na kigango ni makao ya roho ya marehemu. Hakihamishwi. Kinaachwa mahali pake hadi mvua na mchwa vikimalize. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha Mzee Kalume Mwakiru karibu na vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa, na familia ikaunganisha wizi huo na mikosi iliyoifuata. Vilikuja kuonekana katika makusanyo ya vyuo vikuu viwili vya Marekani, na kufikia mwaka 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudishwa Kenya. Waliovinunua waliona mti mzuri wa kupamba ukuta. Wenye navyo walimjua aliyemo.

Na katika Karagosi pia yumo mtu. Hapo ndipo hadithi inapogeuka.

Mchezo wa pili una vipande vidogo vya picha za zamani, ambavyo hutokea ghafla mchezaji anapokufa. Katika kimoja, mtoto yuko nje ya mkahawa, analia, na ndani wenzake wanakula keki. Gari linasimama. Mtu anashuka, anamwua mtoto, anaondoka. Ni sekunde chache, hakuna muziki wa kusikitisha, hakuna anayetoka kuangalia. Desemba 2017, katika mchezo mwingine wa mfululizo huo, tukaonyeshwa jambo lile lile kwa upande wa pili. Karagosi alikuwa amewekwa mkahawani kumlinda mtoto mmoja mwenye bangili ya kijani. Mtoto anaonekana dirishani, yuko nje, mvua inanyesha. Karagosi anashindwa kutoka kwa wakati. Akifanikiwa kutoka, mvua inauharibu mwili wake, anaanguka, anatambaa kwa mikono, na anapomfikia mtoto amekwisha kufa. Analala juu yake. Roho ya mtoto inaingia ndani ya mlinzi aliyechelewa.

Mtoto huyo vitabuni anaitwa Charlotte, binti wa Henry, mwenye mkahawa. Muuaji ni William Afton, mshirika wa baba yake katika biashara. Afton anaendelea kuua, anawavuta watoto kwa kuvaa vazi la sungura wa manjano, na miili ya watoto inabaki bila mazishi. Ndipo Karagosi anapofanya kitendo kilichowafanya watoto duniani wampende pamoja na kumwogopa. Katika kipande kingine cha mchezo wa pili anapita kwa watoto waliokufa mmoja mmoja. Kwanza anawapa zawadi. Kisha anawavika vichwa vya wale wanyama wa chuma, na watoto wanaamka ndani ya mashine. Basi dubu, sungura na kuku wanaotembea usiku si mapepo ya kutoka kuzimu. Ni watoto wa watu, wanamtafuta aliyewaua, na kila mtu mzima aliyevaa sare ya mlinzi wanamdhania ni yeye.

Sipendi kumfanya Karagosi malaika. Filamu ya pili, iliyotoka tarehe 5 Desemba 2025, inaonyesha ubaya wake wazi. Inaanza mwaka 1982. Charlotte anamwona Afton akimpeleka mtoto wa kiume mahali pasipo na watu. Anakimbia kwa wazazi waliokaa mezani, anaomba msaada, na hakuna anayemsikiliza. Anakwenda mwenyewe, anamwokoa mtoto, anauawa yeye. Miaka inapita na hasira yake haibaki kwa Afton. Inawageukia wazazi wote, waliokuwepo na wasiokuwepo, wenye hatia na wasio nayo. Hapo ndipo anapokuwa mwovu kweli. Hata hivyo ubaya huo una mahali ulipoanzia, nao ulianzia pale mezani.

Uvira tunajua mvua ya usiku inaweza kufanya nini. Aprili 2020 mito inayoshuka kutoka Mitumba, Mulongwe na mingineyo, ilifurika, ikaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Baadaye ziwa lenyewe likapanda na kula viwanja vya watu wa ufukweni. Tangu wakati huo, ngurumo ikianza, mama wa mji huu anahesabu watoto kwa majina, na mmoja akikosekana hakuna anayekaa. Kwa hiyo mtoto wa Kilibula anayetazama kile kipande cha mvua na dirisha hahitaji Kiingereza. Anajua maana ya kuwa nje wakati wengine wako ndani.

Halafu kuna juma lile. Filamu ilitoka Marekani tarehe 5 Desemba. Tarehe 10 Desemba waasi wa AFC/M23 waliingia Uvira, mji ambao tangu kuanguka kwa Bukavu mwezi Februari 2025 ndio uliokuwa umebeba serikali ya jimbo la Kivu Kusini. Makumi ya maelfu ya watu walivuka kwenda Burundi, wengi wao watoto, wengine wakiwa wamepotezana na wazazi njiani. Mwenye telefone aliondoka nayo, kwa sababu telefone ndiyo namba za ndugu. Na ndani ya telefone hizo, pamoja na picha za familia na nyimbo za kanisa, alikuwemo Marionette.

Mtoto aliyepita njia ile hawezi kukaa na kueleza aliyoyaona. Ukimwuliza atasema ameshiba, au amechoka. Lakini anaweza kueleza kwa nusu saa jinsi Marionette anavyotoka sandukuni, nani hakusikia muziki umekwisha, nani alikuwa nje. Karagosi wamefanya kazi hiyo siku zote, kutamka yale ambayo mdomo wa mtu unayaogopa. Kenya, tangu miaka ya 1990, vikundi vya wasanii vilitembea na karagosi sokoni na shuleni kuzungumzia UKIMWI wakati ambapo baba hakuweza kulitaja jambo hilo mbele ya binti yake. Mwaka 2009 mchoraji Gado alianzisha The XYZ Show, na karagosi wa mpira wakawaambia wakubwa wa Nairobi mambo ambayo mwandishi wa habari angeyalipia. Kwa hiyo sishangai mtoto wa Uvira akimchagua karagosi wa Texas amsemee.

Kinachonitia hofu mimi ni kinachofuata mtoto akishasema. Anaamka usiku akipiga kelele kwamba kuna kitu cheusi kimesimama mlangoni, chenye uso mweupe. Anasema ndani yake kuna roho ya mtoto aliyekufa. Katika nyumba nyingi maneno hayo hayachukuliwi kuwa ndoto. Yanapelekwa kwenye chumba cha maombi, na huko mtu ambaye hajawahi kusikia jina la Five Nights at Freddy's anamwuliza mtoto: nani amekupa kitu hicho? Ulikula nini kwake? Ulitumwa umfanye nini mdogo wako? Mtoto mwenye usingizi na njaa, aliyezungukwa na wakubwa wenye sauti nzito, atajibu lolote litakalomfanya aruhusiwe kwenda kulala. Akishajibu, jina la mchawi limemkaa, na huenda likamkaa na bibi yake pia.

Nchi hii imelikataza jambo hilo kwa maandishi. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inawataja watoto wanaotuhumiwa uchawi pamoja na watoto wanaotupwa na wanaonajisiwa, na inasema vitendo hivyo vyote vinaadhibiwa. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inampa anayemsingizia mtoto uchawi kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu pamoja na faini. Ziliandikwa hivyo kwa sababu watunga sheria walijua maelfu ya watoto wa barabarani wa Kinshasa walifika huko kwa neno moja lililosemwa sebuleni. Mzazi akiombea mtoto wake aliyeota vibaya, hakuna ubaya, na mimi mwenyewe ningeomba. Ubaya ni kumfanya mtoto mshitakiwa kwa sababu ya picha iliyotengenezwa na Mkristo wa Texas aliyekuwa anatafuta riziki.

Upande wa pili nao nitausema. Mtoto wa miaka sita au saba hana kazi na video hizi. Filamu zenyewe, kule kwao, zinawataka wazazi waangalie sana watoto walio chini ya miaka 13. Yaya anayewaonyesha wadogo zake Marionette saa nne ya usiku ili acheke wakipiga kelele anawatendea vibaya, hasa wale waliokwisha kusikia risasi halisi, kwa sababu mwili wao haujui tena kutofautisha mshtuko wa kuchezea na mshtuko wa kweli. Mama akiificha telefone usiku namuunga mkono kabisa. Ila asubuhi amwulize mtoto ni nini kilimtisha, na amwache amalize.

Maana hadithi hii inao mwisho, na wengi hawaufikii. Katika mchezo wa tatu, wa Machi 2015, kuna kipande kilichofichwa ambacho mchezaji anakipata tu akiwa ametafuta vipande vingine vilivyofichwa na kumpelekea kila mtoto aliyekufa keki yake. Akikamilisha, Karagosi anakuwepo kwenye sherehe, watoto wanavua vichwa vya wanyama na kuondoka. Katika ule wa Desemba 2017, Karagosi amenaswa ndani ya dubu mweusi aliyetengenezwa mahsusi kumkamata. Mashine zote zimekusanywa katika jengo moja, na Afton yumo. Kisha inasikika sauti ya Henry, baba. Yeye ndiye aliyeutega mtego huo, na anauchoma moto akiwa mwenyewe ndani. Kabla ya moto kufika anamgeukia binti yake aliye ndani ya Karagosi na kumwomba radhi kwa siku ile aliyofungiwa nje, kwa sababu hakuna aliyekuwepo kumpokea mikononi. Halaumu shetani wala Afton peke yake. Anajitaja yeye.

Maneno hayo ni ya Kiingereza, yanasemwa taratibu, yanachukua dakika chache tu. Kwenye telefone za Kilibula zimo sekunde za ukelele zilizokatwa kutoka kila mahali, na sehemu hii mara nyingi imeachwa nje kwa sababu haina wa kuruka kutoka gizani. Mwalimu, kaka au dada wa kartie anayeelewa Kiingereza aitafute video nzima, aketi na watoto mchana, aisimamishe kila sentensi, na awaelezee kwa Kiswahili chetu kile ambacho baba yule alimwambia mwanawe.